Nyumba ni Yako, Ardhi ni ya Umma



Wazee wa mwambao, kuanzia Pangani mpaka Moa, wanaijua vema desturi ya mnazi. Mtu huweza kuwa na minazi yake kumi ndani ya shamba la mwenzake. Nazi ni zake, makuti ni yake, na akifa watoto wake huirithi. Lakini udongo uliobeba minazi hiyo una mwenyewe.

Nyumba ya mjini Tanga, iwe Ngamiani, Chumbageni, Makorora au Raskazone, haiko mbali na mfano huo. Kuta na bati ni jasho la aliyejenga. Ardhi iliyo chini yake ni mali ya umma, na Rais ameikabidhiwa awe mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Aliyejenga amepewa haki ya kuitumia kwa muda maalumu, kwa masharti maalumu, na kwa pango la kila mwaka.

Utaratibu huo una historia. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kwamba ardhi yote waliyoiona haina mwenyewe ni ya Dola yao, kisha walowezi wakapata maeneo makubwa ya Usambara na bonde la Pangani kwa umilikaji wa milele. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 iliweka haki ya kukalia ardhi isiyozidi miaka 99, lakini milki za milele za zama za Wajerumani ikaziacha. Serikali ya kikoloni ilipotaka kueneza umilikaji huo, Mwalimu Nyerere aliupinga mwaka 1958 katika kijitabu chake, Mali ya Taifa. Alionya kwamba ardhi ikifanywa bidhaa, wachache wenye fedha wataimaliza, na walio wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1963 milki za milele ziligeuzwa kuwa mikataba ya Serikali ya miaka 99. Sheria ya mwaka 1969 ikaigeuza mikataba hiyo kuwa haki ya kumiliki yenye masharti, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaushikilia msingi huo huo.

Msingi huo ni wa haki. Linalosikitisha ni kuona wasomi wakiumia kwa kutoujua. Mtumishi hustaafu, akachukua kiinua mgongo chake chote na kununua nyumba. Hupewa karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mtaa, akahamia na kupaka rangi. Hapana budi kwanza aulize maswali matatu.

La kwanza ni muda. Je, hati ni ya miaka 33, 66 au 99, na ilianza lini? Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1995 inakwisha mwaka 2028. Anayeinunua bila kuisoma amenunua miaka michache tu, kisha aanze kuomba muda mpya.

La pili ni jina. Hati nyingi zingali katika majina ya marehemu, na warithi wasio wasimamizi wa mirathi huziuza. Wengine huhifadhi barua ya toleo sandukuni wakidhani ndiyo hati.

La tatu ni pango. Deni la pango huzaa riba, na kuhamisha hati hakukamiliki mpaka deni limalizwe. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika malipo ya umeme wa LUKU, na wengi hudhani kwamba hapo wamelipa yote. Sivyo. Kodi hiyo ni ya jengo. Pango ni la ardhi, nalo hulipwa peke yake. Mwaka 2022 Serikali iliwasamehe riba waliolipa deni la msingi. Lakini msamaha si jambo la kutegemewa kila mwaka. Mdaiwa huweza kufikishwa mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mkiukaji wa masharti huweza kubatilishiwa hati yake.

Wajibu huo una pande mbili. Mwananchi anayelipa kwa wakati ana haki ya kuhudumiwa kwa wakati. Mtendaji anayemwambia mzee wa Pangani "njoo kesho" mwaka mzima, huku jalada lake limelala mezani, anaidhoofisha sheria ile ile aliyopewa kuilinda, na kumfungulia mlango mlanguzi.

Mwalimu anayewafundisha watoto kujumlisha na kutoa hashindwi kuihesabu miaka iliyobaki katika hati yake. Na aifungue leo, akiwa hai, mbele ya mkewe na watoto wake. Isije ikasomwa kwa mara ya kwanza siku ya matanga.