Kuhama Mfumo wa Kompyuta: Tupime Kabla ya Kufunga Mizigo

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi waliopo shuleni.)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya jambo tutakalolipigia kura mchana huu. Fedha tulizochanga, je, tununulie kompyuta mpya, au tubadili mfumo endeshi katika kompyuta 22 zilizomo katika chumba cha kompyuta?

Mimi si fundi wa kompyuta. Ni mtumishi wa Serikali katika kazi ya mipango, upande wa Geita, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandika. Mchana naandika taarifa. Usiku, kwa miaka tisa sasa, naandika kitabu juu ya vijiji vyetu, kuanzia Shinyanga hadi machimbo ya Geita: nani alitoka wapi, alilima nini, alichimba wapi. Kitabu hicho chote kimo ndani ya kompyuta mpakato moja kuukuu. Kwa hiyo swali mlilonalo ninyi leo, mimi nimelikalia mezani kwangu mwaka mzima.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Kompyuta zetu zinatumia Windows 10, mfumo uliotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo ilikoma kuuhudumia kwa kawaida. Hii haina maana kwamba kompyuta zilizimika siku hiyo. Zinawaka kama jana. Ila zile tiba ndogo ndogo za usalama, ambazo zilikuwa zikiletwa kila mwezi kuziba nyufa wanazozigundua wezi, haziji tena. Watumiaji wa nyumbani walipewa mlango wa kuongeza muda wa mwaka mmoja, kwa masharti, hadi Oktoba 2026. Ni ahueni, lakini si makazi.

Mtu atasema, basi tuhamie Windows 11. Mfumo huo ulitoka mwaka 2021, nao una masharti ya mlangoni. Unataka kompyuta yenye chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, unataka aghalabu zile za kizazi cha nane kwenda mbele, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2017. Mwalimu wa kompyuta amezikagua zetu zote 22. Hakuna hata moja iliyopita. Mpakato wangu nao haukupita.

Hivyo basi njia ni tatu. Ya kwanza ni kukaa tulipo bila ulinzi. Ya pili ni kununua mpya. Ya tatu ni kuhamia mfumo mwingine, na unaotajwa zaidi ni Linux, ambao aliuanzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Mfumo huo hauuzwi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili, kuugawa na hata kuurekebisha.

Ndugu zangu, sisi si wa kwanza katika nchi hii kuulizwa swali la namna hii. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye mahesabu ya Serikali yakaingizwa katika kompyuta, lakini kazi hiyo haikufaulu. Gharama zilikuwa kubwa, wataalamu wengi walikuwa wageni, na hesabu hazikutoka kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pamoja na televisheni, na aliyehitaji kompyuta ilimpasa kuomba kibali maalum. Masharti hayo yalilegea baadaye. Wapo wanaoicheka marufuku ile. Mimi naona imetuachia somo: mashine haikuwa na kosa peke yake. Ilikuja kabla ya watu wa kuiendesha, na alipoondoka mgeni hakubaki wa kuiuliza.

Tena Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Nilikuwa mwanafunzi pale wakati huo. Kwa mara ya kwanza niliona kompyuta ikisema "hifadhi" na "chapisha" badala ya maneno ya Kiingereza. Kazi ile iliwezekana kwa sababu OpenOffice ilikuwa huru. Hapakuwa na mwenye mali wa kuombwa ruhusa. Microsoft nao wakatoa Kiswahili katika bidhaa zao miaka ile ile. Hata hivyo, baada ya chuo, ofisini tulikuta Windows ya Kiingereza, nasi tukaifuata. Programu ya Jambo haikukosa uzuri. Ilikosa mafundi mikoani na walimu mashuleni.

Na hivi karibuni sisi watumishi tumehamishwa mara kwa mara. Malipo ya Serikali yalitoka katika Epicor, programu iliyonunuliwa nje, yakaingia katika MUSE, mfumo uliotengenezwa na wataalamu wetu wenyewe. Mwaka 2023 ununuzi wa umma ulihama kutoka TANePS kwenda NeST. Nawaambia wadogo zangu ukweli: kila mara tulinung'unika, na kila mara baada ya miezi michache tulizoea. Tena angalieni jambo hili. Mifumo hii mipya hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti. Haiulizi sana kompyuta yako inaendeshwa na nini. Zamani programu ya kazi ilifungwa ndani ya mashine; sasa kazi nyingi ziko mtandaoni, na kuhama kumekuwa kwepesi kuliko miaka ishirini iliyopita.

Sasa, nilipimaje? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nami nilijiuliza kama walivyojiuliza wazee wetu. Wengi wao hawakuzaliwa Geita. Walitoka Kwimba, Maswa na Shinyanga ardhi ilipowabana, wakaingia katika mapori yaliyokuwa na mbung'o, ambayo yalifyekwa katika miaka ya 1940 na 1950 ili watu wakae. Mzee mwenye busara hakufunga mizigo kwa kusikia sifa. Alituma vijana kwanza wakaone malisho, maji na mbung'o, na kundi halikuondoka lote siku moja.

Malisho ni kazi yangu yenyewe. Je, faili zangu zitakula huko? Niliweka Linux katika flashi, nikaiwasha kompyuta kutoka humo bila kugusa kilichomo kwenye diski. Hili linawezekana, na ndiyo sababu hakuna haja ya kubishana kwa maneno. Sura za kitabu zilifunguka katika LibreOffice, ambayo ilizaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010. Maandishi yalikuja salama. Majedwali hayakuja salama yote: ya idadi ya watu yalisogea pembeni, na jedwali moja la mavuno ya pamba lilikatika katikati. Nilitumia siku tatu za jioni kuyanyoosha. Faili ya mahesabu yenye amri za kujiendesha, niliyokuwa nikiitumia kwa bajeti, ilikataa kabisa.

Maji ni msaada. Kikiharibika usiku, nani nitamwita? Mjini Geita, na hata Shinyanga na Kahama, fundi wa Windows yupo kila kona. Fundi wa Linux nilimpata mmoja, kijana aliyemaliza chuo, na printa yangu ilimshinda kwa wiki nzima kabla haijakubali. Hili ndilo jambo zito kuliko yote, na asiyelisema anawadanganya.

Mbung'o ni hatari. Kukaa katika mfumo usiotibiwa, huku flashi zikizunguka kutoka stationari hadi bwenini, ni kukaribisha virusi. Yako pia mambo tusiyopenda kuyasema: Windows nyingi tunazowekewa mitaani ni nakala zisizo na leseni, nayo nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Shule inayomfukuza mwanafunzi kwa kunakili mtihani haifai kumfundishia katika programu iliyonakiliwa. (Kicheko.)

Na njia ya kurudi? Linux inaweza kukaa pamoja na Windows katika diski moja, ukachagua unapowasha. Niliweka kwanza nakala ya kitabu katika diski mbili tofauti, moja nikaipeleka kwa dada yangu Shinyanga, ndipo nikaanza.

Baada ya miezi mitatu niliamua. Mpakato wangu nimeuhamisha. Naandikia katika Linux, nayo katika mashine ile nzee inawaka upesi kuliko zamani. Windows nimeiacha katika pembe ya diski, haiunganishwi na intaneti, kwa ajili ya ile faili ya bajeti tu. Kompyuta ya ofisini sijaigusa wala sitaigusa, maana ni mali ya Serikali na ina taratibu zake.

Lakini uamuzi wangu si lazima uwe wenu. Mimi ni mtu mmoja. Shule ni mamia ya watoto. Hoja nzito ya upande wa pili ni hii: mwanafunzi wetu akienda kazini atakuta Windows, je, hatutakuwa tumempeleka shambani na jembe la mkono wakati wenzake wana trekta? Hoja hii ni ya haki. Jibu langu ni kwamba sisi wengine tulitoka shule hii bila kugusa kompyuta hata moja, tukajifunza. Aliyeelewa faili ni nini, jedwali linajumlishaje, na nenosiri hulindwaje, hatapotezwa na kitufe kilichohamia upande mwingine. Hata hivyo asikose kabisa kuiona Windows.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, kompyuta sita tu zihamishwe muhula ujao. Linux iliyo nyepesi inapakuliwa mara moja, takriban GB 3, kisha inanakiliwa kwa flashi katika mashine zote. Hakuna haja ya kununua bando mara 22.

Pili, tununue kompyuta mpya tatu zenye Windows 11 na leseni halali. Mwalimu aupitie muhtasari wa somo, na pale unapotaka programu fulani kwa jina, mazoezi hayo yafanyike humo.

Tatu, fedha kubwa iende kwa watu. Mwalimu mmoja na wanafunzi wanne wa kidato cha tatu wafunzwe kuweka mfumo, kuutunza na kuutengeneza, na kila mwaka wawafunze wanne wengine. Makosa ya 1974 na udhaifu wa 2004 ulikuwa hapo.

Nne, mwisho wa muhula mwalimu atuletee taarifa. Akisema zile sita zimekuwa mzigo, tutazirudisha, na hakuna atakayekuwa amepata hasara kubwa. Akisema zinafaa, zile 16 zifuate, na fedha itakayobaki itiwe katika diski za kasi na betri za kuhimili umeme unapokatika.

Wapo watakaosema mashine zile zimekwisha. Ninaomba waende Nyarugusu au Rwamgasa. Huko mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha mwaloni, hukamata dhahabu yake kwa zebaki, na mchanga unaobaki, yaani marudio, huuzwa. Mnunuzi wake si mjinga. Anaupeleka kwenye sianidi na anapata dhahabu ambayo zebaki iliiacha. Kompyuta zetu 22 ni marudio ya namna hiyo: ofisi zilizozitupa zilichukua za kwao, na sisi tutaona zilizobaki kama tuna ujuzi wa kuzichenjua. Bila ujuzi, ni kifusi tu.

Wadogo zangu, neno la mwisho ni lenu. Mchana huu wakubwa watapiga kura juu ya fedha. Lakini atakayefungua kompyuta ile usiku wa maandalio, akakuta imekwama, si Mwenyekiti wala mimi. Ni wewe. Ndiyo sababu nimeomba wanne wenu wafunzwe kabla hata ya kununua kitu chochote. Atakayependa kuwa mmoja wao, aandike jina lake kwa mwalimu kabla ya paredi ya kesho asubuhi.