Jinsi ya Kusoma Michoro ya Hesabu



Siku hizi hesabu nyingi huonyeshwa kwa michoro: mvua, bei ya mahindi, idadi ya watu. Mchoro una faida, kwa kuwa jicho hufahamu upesi kuliko sikio. Lakini jicho lenye haraka hudanganyika, na mwenye shamba kandokando ya mto Sabaki aweza kupata hasara kwa mchoro alioutazama bila kuusoma.

Jambo la kwanza ni kichwa cha mchoro. Hapo huandikwa kuwa ni hesabu ya nini, ya mahali gani, na ya mwaka gani. Mathalani, mchoro wa mvua ya Malindi hueleza mvua iliyonyesha Malindi, basi. Maji ya Sabaki hutoka mbali. Mito ya Athi na Tsavo hukutana na kufanya mto Galana, na ndio huo uitwao Sabaki ukaribiapo pwani. Kwa hiyo mto waweza kufurika hali mbingu ya Malindi haina wingu. Mkulima wa bondeni hana budi kuulizia mvua ya bara pia.

Jambo la pili ni mistari miwili. Mstari uliolala chini huonyesha wakati, kama vile miezi tangu Januari hata Desemba. Mstari uliosimama kushoto huonyesha kiasi, na kando yake huandikwa kipimo. Nafaka ikitajwa kuwa kumi, mwenye busara huuliza: vibaba kumi au pishi kumi? Maana pishi moja ni vibaba vinne. Vivyo hivyo mvua hupimwa kwa milimita au kwa inchi, na inchi moja ni zaidi ya milimita 25. Mtu atakaye kujua mvua ya Mei huweka kidole penye Mei, hukipandisha wima hata kilele cha nguzo, kisha hukisogeza kushoto mpaka penye nambari. Kwa kawaida nguzo hiyo ya Mei ndiyo ndefu kuliko zote katika mwaka wa Malindi.

Jambo la tatu ni nambari ya chini kabisa, yaani hesabu inapoanzia. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu 1,109,735 katika Kaunti ya Kilifi. Ile ya mwaka 2019 ilipata 1,453,787. Mchoraji akianza na sifuri, nguzo ya pili huizidi ya kwanza kwa karibu thuluthi moja, na huo ndio ukweli. Akianza na 1,000,000, nguzo ya pili huonekana ndefu mara nne na zaidi. Nambari ni zile zile, wala hakuna uongo ulioandikwa; lakini asiyetazama chini atadhani watu wameongezeka mara nne, na katika baraza la kugawa visima na madarasa atatetea jambo lisilokuwapo.

Basi mchoro na usomwe kwa taratibu: kwanza kichwa, kisha kipimo, kisha nambari ya mwanzo, na picha iwe ya mwisho. Aanzaye na picha huchukua shauri la mchoraji. Aanzaye na nambari hukata shauri lake mwenyewe.