Ajali Ina Kinga: Usalama wa Barabarani Wakati wa Mavuno katika Bonde la Kilombero

(Mazungumzo kwa viongozi na wanachama wa vyama vya ushirika vya msingi)



Ifakara ni mji wa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, na tangu zamani mkulima wa Bonde la Kilombero amekuwa akienda shambani, sokoni na hospitalini kwa miguu yake au kwa magurudumu mawili. Juu ya baiskeli hupakiwa gunia la mpunga, mkungu wa ndizi, tenga la samaki, mgonjwa, na mtoto wa shule. Wakati barabara zilipokuwa za vumbi na mashimo, desturi hiyo haikuwa na hatari kubwa, kwani hata lori lilijikokota. Shimo lilikuwa askari wa barabarani asiyelala wala kupokea rushwa.

Siku hizo zimepita, na ni heri zimepita. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ililiunganisha bonde hili na Dar es Salaam kwa upande mmoja na Zambia kwa upande wa pili. Daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018 na kuondoa adha ya kivuko kati ya Ifakara na Ulanga. Anayekumbuka kivuko kilichozama mtoni humo mwezi Januari 2016 hahitaji kuelezwa thamani ya daraja hilo. Hatimaye barabara ya Kidatu hadi Ifakara, yenye kilometa 66.9, ilitiwa lami na kufunguliwa rasmi mwezi Agosti 2024.

Hakuna mkulima anayetamani kurudishiwa vumbi. Lami imepunguza gharama ya kusafirisha mazao, na mgonjwa hufika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko angali hai. Lakini yafaa jambo moja lisemwe wazi. Barabara imebadilika, ilhali watumiaji wake ni wale wale. Mwenye baiskeli ni yule yule, mwanafunzi ni yule yule, mama mwenye kuni kichwani ni yule yule. Kigeni ni mwendo, na ndio unaoua.

Hesabu ya mwendo

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Magari makubwa ya mizigo na ya abiria hayaruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa hata nje ya makazi. Madereva wengi huichukulia tofauti ya 50 na 80 kuwa ndogo. Hesabu nyepesi inaonyesha vingine.

Dereva akiona hatari, hupita takriban sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Gari lenye mwendo wa kilometa 50 kwa saa huwa limekwisha kwenda mita 14 katika sekunde hiyo. Likiwa na breki nzuri juu ya lami kavu, huhitaji mita nyingine 14 hivi ili lisimame. Jumla ni mita 28. Gari lenye mwendo wa kilometa 80 huhitaji karibu mita 58.

Sasa achukuliwe mtoto wa shule anayevuka barabara pale Mang'ula, mita 30 mbele ya magari hayo mawili. Gari la kwanza litasimama kabla ya kumfikia. Gari la pili, hata dereva wake akikanyaga breki kwa nguvu zake zote, litamgonga likiwa na mwendo wa karibu kilometa 70 kwa saa. Na hilo ni gari zima, lisilo na shehena kubwa. Lori lililozidishiwa magunia, lenye breki zilizochakaa, halistahili hata kuingizwa katika hesabu hiyo.

Hali hii si ya Kilombero peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli, na watu waliopanda pikipiki. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa maneno mengine, barabara huwaua hasa wasiokuwa ndani ya gari, na hao ndio walio wengi katika barabara ya kutoka Kidatu, kupita Sanje, Mkula, Mang'ula, Kisawasawa, Kiberege na Signali, mpaka Kibaoni na Ifakara mjini.

Majira na saa za hatari

Ajali zina majira yake kama kilimo kilivyo na majira yake. Masika yakiisha, mpunga huvunwa, na kiwanda cha sukari huanza kusaga miwa. Ndipo barabara hujaa. Hupita matrekta yenye trela za miwa, malori ya mpunga, maguta, bodaboda zilizobeba magunia, na wafanyabiashara waliotoka mbali wasiojua vijiji vinaanzia wapi na kuishia wapi.

Jambo la pili ni saa. Katika miezi hiyo jua huzama baada ya saa kumi na mbili na robo jioni, na kufikia saa moja giza limetanda. Saa hiyo ndiyo ambayo mkulima anarudi kutoka shambani, kijana anatoka mpirani, na mama anakwenda kununua mafuta ya taa na dagaa. Saa hiyo hiyo dereva wa lori, aliyekuwa usukani tangu alfajiri, anajaribu kumaliza safari ya mwisho. Mwenye baiskeli hana taa, nguo zake ni za rangi ya udongo, na amebeba mzigo uliojitokeza kulia na kushoto. Dereva humwona akiwa amekwisha mfikia.

Hatari kubwa kuliko hiyo ni trela bovu lililoachwa barabarani usiku. Likikatika ekseli au kupasuka tairi, mara nyingi huwekewa majani ya miti tu, na utingo huenda kulala. Mwendesha pikipiki anayekuja nyuma haoni chuma wala miwa. Huona giza, na giza hilo ndilo linalomuua.

Aidha, zipo desturi ndogo za mavuno ambazo hazihesabiwi kuwa makosa. Mpunga unapoanikwa pembeni mwa lami, waenda kwa miguu husukumwa katikati ya njia. Miwa inapodondoka kutoka trela lisilofungwa vema, hulala barabarani ikimsubiri mwenye baiskeli. Mtoto anapolikimbilia trela ili achomoe muwa, watu wazima hucheka. Na pale reli inapokatiza barabara, wapo madereva wanaojaribu kuwahi kabla ya treni, wakati treni ya mizigo inaweza kuhitaji hata kilometa nzima ili isimame. Dereva wa treni huona yote, wala hana la kufanya.

Kwa nini ni shughuli ya ushirika

Huenda mwanachama akauliza jambo hili linahusuje chama cha mazao, wakati polisi wa usalama barabarani wapo, TANROADS na TARURA wapo, na halmashauri ipo. Swali hilo ni halali, na jibu lake liko katika mzigo wenyewe.

Miwa iliyokatwa hupoteza sukari kila saa inayopita, kwa hiyo haina budi kufika kiwandani upesi. Msafirishaji hulipwa kwa tani alizofikisha. Kadiri anavyokwenda safari nyingi na kujaza zaidi, ndivyo anavyopata zaidi. Ikiwa miwa imekatwa mingi kuliko vyombo vilivyopo, kuchelewa kote humwangukia dereva, naye hukulipa kwa mwendo. Ratiba ya ukataji hupangwa na nani? Mkataba wa usafirishaji hutiwa saini na nani? Ni viongozi wa chama, kwa niaba ya wanachama. Polisi humkuta dereva akiwa tayari njiani, lakini chama humkuta kabla hajawasha injini.

Tena hasara ya ajali huishia chamani. Mkulima akivunjika paja mwezi Juni, mpunga wake utavunwa na nani? Mkopo aliouchukua kwa ajili ya mbolea utarejeshwa na nani? Wadhamini wake wataanza kudaiwa, watoto wataondolewa shule, na shamba litakodishwa kwa bei ya kutupa. Jina lake litabaki katika daftari la wadaiwa, na hakuna atakayeandika mbele yake kwamba chanzo chake kilikuwa trela lisilo na taa.

Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani uliiweka mwaka 1995 kanuni ya saba ya ushirika, yaani kuijali jamii. Kanuni hiyo hutajwa katika semina nyingi na kupigiwa makofi. Barabara ya mavuno ni mahali pazuri pa kuionyesha kwa vitendo.

Mambo yanayowezekana

Hakuna haja ya chama kungoja fedha nyingi. Yapo mambo yanayoweza kuamuliwa katika mkutano mmoja.

Kwanza, mkataba wa usafirishaji uwe na masharti ya usalama. Chombo kisipakiwe mpaka karani amethibitisha taa za nyuma, breki, viakisi mwanga, leseni ya dereva na bima. Shehena ifungwe vema, na kila chombo kiwe na pembetatu za tahadhari. Trela lililoharibika liondolewe barabarani kabla ya giza, au lilindwe na mtu aliye macho.

Pili, upakiaji ukome mapema, ili chombo cha mwisho kifike mizani kabla jua halijazama. Ratiba ya ukataji ifuate idadi ya vyombo, wala isifuate tamaa ya kumaliza shamba kwa siku moja.

Tatu, chama kinunue viakisi mwanga kwa jumla, kama kinavyonunua mbolea, na kuwauzia wanachama kwa bei nafuu. Kipande kidogo kilichofungwa nyuma ya baiskeli huonekana katika taa za gari kutoka mita 100 na zaidi, yaani mbali kuliko zile mita 58 za kusimamia gari. Hakuna pembejeo yenye faida kubwa kuliko hiyo.

Nne, vyama vya akiba na mikopo vinavyowakopesha vijana pikipiki viuhesabu mkopo huo kuwa ni wa pikipiki pamoja na kofia ngumu mbili, leseni na bima. Kofia bora iliyofungwa kidevuni hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 40, na ya majeraha mabaya ya kichwa kwa takriban asilimia 70. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haipunguzi chochote. Nao mtindo wa kubeba abiria mishikaki usifumbiwe macho kwa sababu tu rejesho linaingia.

Tano, kila chama kiwe na daftari la ajali. Iandikwe siku, saa, mahali, vyombo vilivyohusika, na hali ya taa na mwanga. Majina si lazima. Baada ya misimu miwili daftari hilo litaonyesha kwamba ajali hazitawanyiki ovyo, bali hurudia kona ile ile, makutano yale yale, na saa ile ile. Hapo chama kitakwenda kwa wakala wa barabara na halmashauri kikiwa na ushahidi mkononi, kuomba tuta, kivuko cha waenda kwa miguu au taa. Ombi lenye tarehe kumi na saba haliwekwi kabatini kirahisi kama ombi lenye manung'uniko.

Na ombi la namna hiyo si la makuu. Katika barabara hii hii imejengwa njia ya chini kwa chini ili tembo wavuke salama kati ya Milima ya Udzungwa na mbuga za upande wa pili. Ni kazi ya kupongezwa. Wataalamu walichunguza mahali tembo wanapovuka, wakawajengea hapo. Mwanafunzi naye ana mahali anapovuka kila siku, na panajulikana. Kilichobaki ni mtu wa kupaandika.

Neno la mwisho

Wahenga walisema ajali haina kinga. Walisema hivyo ili kumfariji aliyefikwa na msiba, kwani si vema kumlaumu mfiwa kaburini. Lakini faraja ya msibani imegeuzwa kuwa udhuru wa barabarani. Trela lisilo na taa lina kinga. Dereva aliyechoka ana kinga. Mwendo wa kilometa 80 mbele ya shule una kinga, na kinga hiyo ni mguu unaoachia mafuta.

Mkulima wa Kilombero hufundishwa kuchagua mbegu, kupalilia mapema, na kuukausha mpunga vizuri kabla ya kuuweka ghalani. Mavuno hayahesabiwi kuwa yamekamilika mpaka yamefika mizani. Ni haki kuongeza jambo moja katika hesabu hiyo: hayajakamilika mpaka aliyeyapeleka amerudi nyumbani, ameegesha baiskeli yake ukutani, na kuketi kula pamoja na watoto wake.