MAFUNZO KABLA YA BARUA YA KUACHISHWA

(Maneno yaliyosemwa na kamati ya chama mbele ya wanachama, Mombasa)

Ndugu wanachama,

Leo hatukuwaita kwa habari ya nyongeza ya mshahara. Tumewaita kwa habari ya kazi yenyewe, kwa maana mshahara hauongezwi kwa mtu ambaye kazi yake imeondoka.

Wazee wetu hapa wajua jinsi kazi ya Kilindini ilivyokuwa. Meli ilipofunga gati, genge la watu liliingia ndani, na mizigo ikatoka gunia kwa gunia, sanduku kwa sanduku. Makuli waliogoma Machi 1955 walikuwa na nguvu hiyo: mikono yao ikikaa, meli nayo hukaa. Mwaka uliofuata, 1956, Malcom McLean wa Marekani alipeleka meli yenye makontena 58 kutoka Newark hadi Houston. Leo kontena moja la futi 20 huchukua magunia ya kahawa kama 300, na kreni hulinyanyua mara moja tu. Kazi ya genge zima imekuwa kazi ya watu wachache waliofundishwa mashine.

Kisha ikaja reli mpya. Treni za abiria zilianza 2017, za mizigo Januari 2018. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru mizigo ya kutoka ng'ambo ipandishwe reli, waliolia si madereva na utingo wao tu. Walilia pia mafundi wa magari, wauza vipuri, na akina mama wa chakula huko Mariakani na Mtito Andei. Watu wa Mombasa waliandamana. Septemba 2022 Rais William Ruto aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa, nasi tulifurahi. Lakini angalieni, ndugu: amri yaweza kurudisha lori barabarani, hakuna amri iwezayo kurudisha gunia begani mwa kuli.

Basi tufanye nini? Wako wanachama wasemao, "Tuzikatae mashine." Wako wengine wasemao, "Haya mafunzo ni sukari ya kumezea dawa chungu. Mwajiri ataka kutufukuza kwa upole." Hao wa pili wana haki ya kushuku. Tumeyaona mafunzo ya siku tatu, mtu akapewa chai, karatasi yenye muhuri na maneno matamu juu ya kujitegemea, na Jumatatu yake yuko nje ya geti. Mafunzo ya namna hiyo hatuyataki. Lakini kuyakataa mafunzo mabaya si kuyakataa mafunzo yote.

Tazameni wenzetu wa bandari za magharibi mwa Marekani. Mwaka 1960 chama chao, kikiongozwa na Harry Bridges, kilipatana na waajiri. Waajiri walipata ruhusa ya kuleta mashine. Wafanyakazi walipata mfuko wa dola milioni 29, ili aliyeandikwa rasmi asiachishwe na mzee aondoke mapema na fedha zake. Walidai sehemu yao kabla mashine hazijajaa, wakati mwajiri bado alikuwa na haja ya sahihi yao. Lakini vibarua wa kutwa, wasioandikwa, mfuko ule haukuwafaa. Na hapa kwetu vibarua ni wengi. Tusipatane mapatano ya kuwasahau.

Sasa tusikie sheria yetu inavyosema. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yamtaka mwajiri anayepunguza watu akiarifu chama na ofisa wa kazi angalau mwezi mmoja mbele. Yamtaka pia amlipe mtu mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini. Aliyefanya kazi miaka 12 atapata siku 180, yaani kama miezi sita. Fedha hizo ni haki, tusimwachie mtu hata senti. Lakini toa kodi ya nyumba, karo ya watoto na deni la duka, uone miezi sita ni mirefu kiasi gani. Na sheria hiyo haimlazimishi mwajiri akufundishe kazi nyingine. Pengo hilo ni letu kuliziba kwa mapatano.

Kwa hiyo kamati yataka mapatano yajayo na waajiri yawe na mambo haya.

Kwanza, mwajiri akikusudia kuleta mashine mpya, aseme mapema, tangu anapoiagiza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, waliomo kazini wafundishwe kwanza kuiendesha na kuitengeneza, kabla ya kuajiri mtu wa nje. Mafunzo yawe saa za kazi, kwa mshahara, na kwa lugha wanayoielewa.

Tatu, kwa wale ambao mashine haitakuwa na nafasi yao, na tuseme kweli, watakuwapo, mafunzo yawe ya ufundi unaotafutwa: umeme, kuchomelea vyuma, kutengeneza makontena ya baridi. Kabla ya darasa kufunguliwa, iulizwe ni nani atawaajiri. Darasa halizai kazi lenyewe.

Nne, kibarua aliyefanya kazi miezi mingi ahesabiwe pamoja nasi.

Fedha zitatoka wapi? Waajiri hulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiwandani, NITA. Mwajiri afundishaye kwa taratibu zao aweza kurudishiwa gharama. Basi asituambie kwamba hakuna mlango wa kubisha.

Na sisi wenyewe tuna kazi. Wengi wetu ni mafundi wasio na karatasi. Mtu ameendesha foklifti miaka tisa, lakini akienda kwingine huulizwa cheti. NITA hupima ufundi kwa daraja tatu, ya tatu, ya pili na ya kwanza, na aliyejifunza kazini aweza kupimwa bila kupita chuoni. Tujiandikishe sasa, tungali na mshahara wa kulipia mtihani. Aachaye kazi adai barua ya utumishi. Kifungu cha 51 champa haki hiyo akiwa ametimiza majuma manne mfululizo. Na asiyejua kusoma vizuri asione haya: chumba hiki cha chama kitakuwa wazi jioni, na wako wanachama waliokubali kufundisha bure.

Mzee wa miaka hamsini na mitano hatutamwambia akaanze upya kama kijana. Yeye tumtakie malipo mema na heshima. Lakini kijana wa miaka thelathini, mwenye watoto watatu, tukimwacha angoje barua, tutakuwa tumemwuza.

Ndugu, mambo manne mmeyasikia. Ulizeni, pingeni, ongezeni. Kisha tupige kura, ili wajumbe wetu waingie kwa waajiri wakijua nyuma yao wamesimama wangapi.