Utafiti si Maabara Peke Yake

Msikilizaji, utafiti wa chuo kikuu ukitajwa, wengi wetu huwaza maabara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaonyesha upana wa utafiti huo. Taasisi yake ya Kiswahili ilitupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Wanasayansi wake wa bahari, walioko Zanzibar, huchunguza mwani unaowapa riziki wanawake wa pwani. Mwanasheria wake, Profesa Issa Shivji, aliongoza tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 1991, ikawasikiliza wanavijiji. Kazi hizi hazipimwi kwa kipimo kimoja, wala kwa faida ya haraka. Bajeti ya utafiti imkumbuke mwanaisimu na mwanahistoria kama inavyomkumbuka mhandisi. Taifa linawahitaji wote.