SHAHADA YA UHASIBU AU YA BIASHARA?
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kilosa na Mikumi



Lipo jambo linalozitaabisha nyumba zetu kila mwaka matokeo ya Kidato cha 6 yatokapo. Mtoto amefaulu, mavuno yamekwisha kuuzwa ili karo ipatikane, na swali limebaki moja: asome uhasibu, ama uendeshaji wa biashara kwa jumla? Wengi hujibu kwa kusikia tu kwamba mhasibu hakosi kazi. Sisi twaona yafaa jibu hilo lipimwe.

Hatuna haja ya kutazama mbali. Chuo Kikuu cha Mzumbe, kilichomo humu mkoani Morogoro, hufundisha shahada zote mbili. Asomaye uhasibu hujifunza kufunga vitabu vya hesabu, kupima gharama, kukadiria kodi na kukagua. Asomaye biashara hujifunza misingi ya hesabu hizo hizo, kisha hugawa muda wake katika masoko, sheria, uchumi na uongozi wa watu. Wa kwanza huchimba kisima kimoja. Wa pili hulima shamba pana. Hakuna wa kudharauliwa.

Lakini upo mlango ambao wazazi wengi hawauoni. Sheria Na. 33 ya mwaka 1972 iliunda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Shahada peke yake haimpi mtu cheo cha CPA. Sharti afaulu mitihani ya Bodi na kuandikishwa. Bila hayo hawezi kufungua ofisi yake ya ukaguzi na kutia sahihi hesabu za watu wengine. Mitihani hiyo ina ada yake, mbali na karo ya chuo. Mwenye shahada ya uhasibu husamehewa sehemu ya masomo. Mwenye shahada ya biashara hakufungiwa, ila huanza chini zaidi, na safari yake huwa ndefu.

Basi, shauri letu ni hili. Mtoto apendaye hesabu, mwenye subira, ambaye nyumba yake imeiweka gharama ya Bodi katika mahesabu tangu siku ya kwanza, na asome uhasibu. Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa, ambayo hesabu zake hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, hali kadhalika mashamba ya mkonge na viwanda vya sukari vilivyomo wilayani, vyote vyamhitaji mtu wa namna hiyo. Lakini asiyekusudia kufika mbele ya Bodi atakuwa amekwenda nusu ya njia.

Kwa yule ambaye nyumba yake ina duka, mashine ya kukoboa mpunga au nyumba ya wageni, shahada ya biashara yaweza kumfaa zaidi. Mikumi imekaa kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, na Hifadhi yake, iliyoanzishwa mwaka 1964, huleta wageni. Kilosa nayo, tangu mwaka 2024, yapitiwa na treni ya umeme iendayo Dodoma. Mahali kama hapo pahitaji mtu wa kutafuta wanunuzi na kuongoza wafanyakazi. Hata hivyo asilitupe daftari, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na akitaka kuajiriwa, ajue kwamba mwajiri atamwuliza, "Wajua kufanya nini hasa?" Shahada pana haimjibii, sharti ajipatie ujuzi mmoja wa kuonyesha, na autafute likizoni angali chuoni.

Ndugu zetu, twawaomba jambo moja: kabla fomu hazijajazwa, kaeni na mtoto mezani, mwandike pamoja gharama zote mpaka siku atakapoanza kazi. Tena mwulizeni yeye apenda nini, kwa kuwa ndiye atakayekesha na vitabu, si sisi.