Mizani ya Langoni Haipimi Baridi

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jaketi. Usicheke. Najua wengi wenu mnanisikiliza huku mkijipepea kwa gazeti, na mtu wa Kariakoo au Magomeni ana haki ya kuuliza jaketi linamhusu nini. Lakini siku hizi Mlima Kilimanjaro si wa wageni peke yao. Watu wa maofisini na vikundi vya marafiki wanachangishana na kwenda, hasa inapokaribia tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru. Mimi nami nilikwenda, na niliyoyaona huko ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Tuanze na hesabu. Kadiri unavyopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Mtu anayeondoka Moshi mjini jua likiwa kali, joto nyuzi 30, akifika kileleni mchana atakuta karibu sifuri. Na watu hawapandi kilele mchana. Huondoka kambi ya mwisho usiku wa manane, wakati baridi inaposhuka nyuzi 10 na zaidi chini ya sifuri. Hapo upepo bado hatujauhesabu.

Kwa ajili ya usiku huo nilipewa na ndugu yangu aishiye ng'ambo jaketi jepesi lililojazwa manyoya laini ya kifuani mwa bata. Jaketi lenyewe lilikuwa na uzito wa gramu 300 hivi, na ukilikunja linaingia kwenye kifuko cha ukubwa wa nusu mkate. Nilipolishika mara ya kwanza nilidhani nimedanganywa. Kitu chepesi namna ile kitamzuia nani asitetemeke?

Siri yake ni hewa. Manyoya yale hutanuka na kukamata hewa katika vijumba vidogo visivyohesabika, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Kwa hiyo jaketi halikupi joto, joto ni lako mwenyewe, lenyewe hulizuia tu lisitoroke. Mwaka 1922 George Finch alikwenda Mlima Everest na koti la kitambaa cha puto lililojazwa manyoya ya bata. Wenzake, waliozoea makoti ya sufi, walimcheka. Baridi ilipowafika, kicheko kilikwisha.

Lakini manyoya hayo yana adui mmoja, naye ni maji. Yakilowa hushikamana kama pamba ya mto ulionyeshewa, hewa ikatoka, na jaketi likawa mzigo. Ndiyo maana wazoefu huvaa kwa tabaka. Ndani kabisa huvaa fulana ya sufi au ya nailoni inayotoa jasho mwilini. Katikati huvaa sweta. Nje huvaa koti la kuzuia mvua na upepo. Jaketi la manyoya hukaa mkobani, likatolewa unaposimama kupumzika au baridi inapozidi. Fulana ya pamba, tunayoipenda sana huku pwani, mlimani ni hatari, maana hunywa jasho na haikauki.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisi tulipita njia ya Machame. Langoni mizigo ilipimwa, kwa sababu kanuni ya hifadhi ni kwamba mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20. Nilifurahi kuona mizani ile. Nikasema moyoni, hapa haki inatendeka. Siku ya kwanza tulinyeshewa msituni. Siku ya tatu tulipanda hadi mita 4,600 hivi, kisha tukateremka kambi ya Barranco, mvua ya barafu ikitupiga usoni.

Kijana aliyebeba mkoba wangu alikuwa amefika kambini kabla yetu, kama kawaida ya wagumu, maana ndivyo wapagazi wanavyoitana kule. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe. Alivaa fulana ya pamba iliyolowa jasho, na juu yake sweta la mtumba lililolowa mvua. Nikamsalimia. Akajibu maneno ambayo sikuyaelewa, ulimi ukiwa mzito kama wa mlevi. Alikuwa akijaribu kufungua kamba ya mzigo na vidole havimtii. Nikamwambia kiongozi wetu, mzee wa makamo, kwamba kijana huyu huenda amekunywa.

Mzee yule alimtazama mara moja tu. "Kaka, huyu hakunywa kitu. Baridi imemwingia. Na ona, hatetemeki tena. Hapo ndipo pabaya."

Wakamwingiza hemani, wakamvua nguo zote mbichi, wakamvika kavu, wakamfunika, wakamnywesha chai ya moto yenye sukari nyingi. Mzee akaniuliza kama nina kitu cha kumwongezea. Nikafungua mkoba wangu. Ndani mlikuwa na jaketi la manyoya, kavu kabisa, limefungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Kijana yule alikuwa amelibeba kichwani siku tatu.

Alipona, tumshukuru Mungu. Usiku alianza kutetemeka tena, mzee akafurahi kama aliyesikia mtoto mchanga akilia. Lakini mimi sikulala. Mizani ya langoni ilipima mzigo wake hadi kilo ya mwisho. Nguo iliyo mwilini mwake sikuiangalia, na niliyelipa safari ni mimi.

Kuna watakaosema kwamba mgumu amezoea baridi. Ndugu zangu, damu haizoei kupoa. Wengine watasema apewe mshahara, nguo atanunua mwenyewe. Ni kweli mshahara wa haki ni wake. Lakini mwenye watoto shuleni, ukimpa achague kati ya ada na jaketi, unajua atachagua nini. Hatupaswi kumfikisha kwenye uchaguzi huo.

Njia zipo. Mjini Moshi upo mradi wa kuwasaidia wapagazi, ujulikanao kwa kifupi KPAP, ulioanza mwaka 2003, nao huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Tena mgumu hahitaji jaketi la bata la bei kubwa. Kwa mtu anayetoka jasho na kupita msitu wa mvua, jaketi lililojazwa nyuzi za poliesta linamfaa zaidi, kwa kuwa hata likilowa halipotezi joto lote, na bei yake ni nafuu. Mwongezee koti la mvua na fulana isiyo ya pamba.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kupanda, kabla hujalipa, muulize mwenye kampuni: wapagazi wako watavaa nini, na watalala wapi? Akisitasita, nenda kwa mwingine. Na asubuhi ile langoni, mizani ikishamaliza kazi yake, zunguka uwatazame wanaokubebea, kuanzia viatu hadi kofia. Aliyevaa fulana ya pamba peke yake asivuke lango mpaka apate nguo. Ukirudi salama, jaketi lako utalifanyia nini Dar es Salaam? Waachie wenye kazi nalo.

Jaketi langu halikurudi Dar es Salaam. Ndugu yangu wa ng'ambo ameniuliza mara mbili liko wapi. Leo, akipata kuyasikia haya, amejibiwa.